Mstari wa Wino wa Binghamton

Kila mwaka, Novemba ikielekea kwisha, maofisa wa majeshi na wauzaji wa mitambo hukusanyika kwa maelfu mjini Orlando, Florida, kwenye maonyesho makubwa ya vifaa vya mafunzo ya kijeshi. Anayetaka kujua askari wa kesho atafundishwa vipi huelekezwa huko. Ataona miwani inayomtia kuruti katikati ya mji usiokuwepo, simuleta za ndege za kivita, na programu zinazosikiliza amri na kuijibu. Mimi nilikuwa Marekani kumtembelea ndugu yangu, na sikwenda Orlando. Nilipanda basi la kwenda Binghamton, mji wa kawaida tu katika jimbo la New York. Vyote vinavyouzwa kule Florida vina babu mmoja, na babu huyo alizaliwa Binghamton, ndani ya kiwanda cha vinanda.

Basi lilitoka New York asubuhi, likapanda vilima vya Catskill. Ilikuwa Oktoba, majani ya miti yamegeuka mekundu na ya manjano mpaka juu ya vilima, na abiria wengi walikuwa wanafunzi waliolala tangu tulipovuka mto Hudson. Binghamton imekaa pale mto Chenango unapoingia katika mto Susquehanna. Zamani eneo hili lilikuwa la viwanda haswa. Kampuni ya Endicott-Johnson ilitengeneza viatu hapa, vikiwemo viatu vya wanajeshi waliopigana vita kuu vyote viwili, na IBM ina asili yake katika mji jirani wa Endicott. Viwanda vingi vimefungwa siku nyingi. Yamebaki majengo makubwa ya matofali, chuo kikuu, na chakula ambacho wenyeji wanakisifia kuliko chochote: mishikaki. Wanaiita spiedie. Nyama inalazwa kwenye siki na viungo, inachomwa, kisha mtu anaibana kwa kipande cha mkate na kuichomoa kijiti. Mtu wa Tanga angeomba pilipili ya kuongezea, lakini asingelalamika.

Nilichokifuata ni sanduku. Limetengenezwa kwa mbao, limepakwa rangi ya buluu, lina mabawa mafupi na mkia mdogo, kiasi kwamba kwa mbali linafanana na ndege ya kuchezea watoto. Ndani yake kuna kiti kimoja, fimbo ya kuongozea, pedali mbili za miguu na safu ya geji. Juu lina kifuniko. Mwanafunzi akishaketi, kifuniko hushushwa na anabaki gizani na geji zake. Chini ya sanduku, mahali ambapo mtu angetegemea kukuta mitambo ya chuma, kuna mivukuto minne, ya aina ileile inayopuliza hewa katika kinanda cha kanisani. Fimbo ikisukumwa mbele, vali hufunguka, mivukuto ya mbele hunywea na ya nyuma hujaa, na sanduku zima huinamisha pua kana kwamba linashuka kutoka mawinguni.

Aliyelibuni ni Edwin Link. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda mjini hapa, na Edwin alikulia kwenye kazi ya kutengeneza vali na mivukuto. Alipenda kuruka, ila masomo ya urubani yalikuwa ghali, na somo lake la kwanza, mwaka 1920, lilimgharimu dola 50 bila hata kuruhusiwa kugusa usukani. Akajiuliza kwa nini mtu asianze kujifunza akiwa chini, ambako kosa halivunji ndege wala shingo. Kati ya 1927 na 1929 alifanya kazi katika chumba cha chini cha kiwanda cha baba yake, akitumia vipande vya vinanda, mpaka sanduku likatikisika kama ndege.

Jeshi halikulitaka. Shule za urubani nazo hazikulitaka. Waliolinunua ni wenye viwanja vya burudani, wakawatoza watu senti chache wapande wabembee.

Hapa inabidi nieleze kitu kinachoua marubani, kwa sababu bila kukielewa hicho, sanduku hili litaonekana mchezo kweli. Ndani ya sikio kuna mirija midogo yenye majimaji, nayo ndiyo inayotuambia tumegeuka au tumeinama. Ndege ikipinda polepole ndani ya wingu, majimaji hayo hutulia baada ya muda, na mwili huamini unakwenda moja kwa moja. Rubani akiinyoosha ndege, mwili humwambia kwamba sasa ndipo inapinda, kuelekea upande wa pili. Anairudisha kwenye mpindo uleule wa mwanzo na anazidi kushuka akiwa na uhakika kamili kwamba yuko sawa. Ujasiri haumsaidii hata kidogo. Kinachomwokoa ni mazoea ya kuamini geji kuliko mwili wake mwenyewe, na mazoea hayo hayapatikani kwa kuhubiriwa darasani.

Februari 1934 Rais Franklin Roosevelt alivunja mikataba ya kampuni za ndege zilizokuwa zikibeba barua, akakikabidhi kazi hiyo kikosi cha anga cha jeshi. Ilikuwa katikati ya baridi kali. Marubani wa jeshi walikuwa wamezoea kuruka mchana kweupe wakiangalia ardhi. Wakaamriwa kuruka usiku, kwenye theluji na ukungu, na ndani ya miezi michache zaidi ya wanajeshi kumi walikuwa wamekufa. Maofisa walimwita Link akutane nao Newark. Siku hiyo hali ya hewa ilikuwa mbaya, wenyeji wake wakakata tamaa kwamba angefika, mara wakasikia ndege ikishuka kutoka kwenye ukungu. Alikuwa ameendesha kwa geji tu. Jeshi likaagiza masanduku 6, kila moja kwa dola 3,500.

Nilipokuwa nasoma maelezo hayo kwenye ukuta wa mahali sanduku linapoonyeshwa, nilikwama kwenye tarehe. Kifaa kilikuwa tayari mwaka 1929. Jeshi lilikinunua mwaka 1934. Kwa miaka mitano kinga ilikuwa inabembeza watoto kwenye viwanja vya burudani, mpaka vijana wakazikwa ndipo wakubwa wakaiona. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, masanduku kama 10,000 yalikuwa yameshatengenezwa na zaidi ya marubani nusu milioni wamepitia ndani yake. Japani nayo ilikuwa imeyanunua kabla ya vita, maana chombo cha mafunzo humfundisha yeyote anayekilipia.

Binghamton kuna watu wa kujitolea, wengi wao wahandisi waliostaafu, wanaofufua mashine hizi na kuziendesha mbele ya wageni. Siku niliyofika, mzee mmoja mwenye mikono ya fundi alikuwa anamfunga mkanda msichana wa chuo. Alimwambia ashike uelekeo wa mashariki na asipoteze kimo, basi. Akashusha kifuniko. Pampu ikaanza kuvuta hewa, mbao zikalia, sanduku likaanza kuhema.

Mzee alirudi kwenye meza yake, nami nikasimama nyuma yake. Juu ya meza kulikuwa na ramani chini ya kioo, na juu ya kioo kidude cha chuma chenye magurudumu matatu madogo. Wenyewe wanakiita kaa. Kimeunganishwa na sanduku kwa waya, na gurudumu lake moja limelowa wino. Msichana akigeuza sanduku, kaa naye hugeuka, na huacha mstari juu ya kioo kuonyesha ndege ingekuwa wapi. Mwanzoni mstari ulinyooka vizuri. Baadaye ukaanza kujikunja kuelekea kusini, taratibu mno, mpaka nikadhani macho yangu ndiyo yenye kasoro. Mzee aliuliza kwa maikrofoni kama yuko sawa. Sauti ya msichana ilijibu kwamba yuko sawa kabisa. Mstari ukaendelea kujikunja.

Alipotoka, mzee hakumwambia neno. Alisogea pembeni tu, akamwachia nafasi mezani. Msichana aliinama juu ya kioo, akafuata mstari kwa kidole mpaka mahali ulipoanza kupotea, akasema, "Hapa ndipo nilipoacha kuangalia dira." Akaomba arudie.

Nimefikiri sana kuhusu dakika ile, kwa sababu nami nilipitia ukuruti ujanani na nakumbuka makosa yalivyoshughulikiwa kambini kwetu. Risasi ikikosa shabaha, kuruti alipiga pushapu. Gwaride likivurugika, platuni nzima iliviringika kwenye vumbi. Tulipata nguvu na tulipata nidhamu, sikatai, na baadhi ya maafande wale nawaheshimu mpaka leo. Lakini risasi ilikosa kwa nini? Bega lilikuwa wapi, pumzi ilikatwa saa ngapi, kidole kilivuta au kilinyakua? Maswali hayo yalimezwa na adhabu. Kuruti aliinuka akijua amekosa, asijue amekosa wapi. Kaa wa Binghamton hafoki na hajali cheo. Anaacha mstari, na mstari huo kuruti na jenerali wataukuta vilevile.

Kwa maoni yangu, hiki ndicho kiini cha teknolojia yote ya mafunzo iliyofuata. Huko Fort Irwin, katika jangwa la Mojave, jeshi la Marekani lilianza miaka ya 1980 kupambanisha vikosi vyake na kikosi cha wenyeji kinachoigiza adui, kila askari akiwa amevaa vifaa vya leza vinavyojua nani amepigwa na nani. Vikosi vya wageni vilishindwa mara nyingi. Faida kubwa ilikuwa kwenye kikao cha baadaye, ambapo matukio yanarudiwa moja baada ya jingine na sajenti ana ruhusa ya kumwambia kamanda wake kwamba amri yake ilichelewa. Rekodi ndiyo inayompa sajenti ujasiri, kwa kuwa hasemi kwa kinywa chake peke yake.

Katika miaka hiyohiyo ofisa wa jeshi la anga, Jack Thorpe, akiwa katika shirika la utafiti la DARPA, alisimamia mradi wa kuunganisha simuleta za vifaru kwa mtandao ili vikosi vizima vipigane pamoja ndani ya kompyuta. Mradi uliitwa SIMNET. Walioujenga walikuwa na busara ya kuacha vitu. Swichi ambayo haikuhusika na mapigano haikutengenezwa. Ilichorwa tu kwenye ukuta wa simuleta. Fedha zikaenda kwenye kile ambacho askari alipaswa kujifunza, yaani kuwasiliana, kuona kwanza na kutompiga mwenzake.

Linganisha na miwani maarufu ya jeshi la nchi kavu la Marekani. Mwaka 2021 jeshi hilo liliingia mkataba na Microsoft ambao thamani yake ingeweza kufika karibu dola bilioni 21.9 kwa miaka 10, kwa ajili ya miwani inayoweka picha na ramani mbele ya macho ya askari, vitani na mazoezini. Majaribio ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba baadhi ya askari waliumwa vichwa, wakachoka macho na kusikia kichefuchefu. Mwaka 2025 mradi ulihamishiwa kampuni nyingine, Anduril. Miwani hiyo inaweza bado kufaa. Ila bei yake na uzuri wa picha zake havituambii lolote kuhusu kosa gani linaloua ambalo itampunguzia kijana.

Ukraine imeenda njia ya bei rahisi. Kule kijana anayetaka kuwa rubani wa droni huanzia kwenye kompyuta ya kawaida, ameshika kirimoti kilekile atakachotumia baadaye, akigonga miti na kuta za kwenye skrini mara nyingi kabla hajakabidhiwa droni yenyewe. Hakuna anayelipa gharama ya miti hiyo. Link angeitambua mbinu hiyo mara moja.

Majeshi yetu ya Afrika Mashariki nayo yatanunua, hilo halina shaka, na wauzaji hawatakosa. Wasiwasi wangu mkubwa zaidi unahusu mtu atakayetokea kwenye skrini. Marekani ilijenga Fort Irwin vijiji vya kuigiza vyenye waigizaji wanaozungumza Kiarabu, kwa sababu askari wake walikuwa wanakwenda Iraq. Kwa mahitaji yao ilikuwa sahihi. Lakini programu iliyotengenezwa kwa vita vya mwingine huja na adui wa mwingine na raia wa mwingine. Kijana kutoka Songea au Kitui akiizoea, atajifunza bila kuambiwa ni sura gani ya kuogopa na vazi gani la kutilia shaka. Kisha atapelekwa Kivu, mashariki mwa Kongo, akutane kizuizini na mama aliyebeba kuni, anayemsalimia kwa Kiswahili cha Beni, na nyuma yake kijana mwenye baiskeli na mzigo wa makaa. Nani raia, nani ametumwa kuhesabu walinzi? Kosa hapa lina pande mbili, na zote mbili zinaua. Mafunzo ya mkutano huo lazima yatungwe na watu wanaoijua barabara hiyo, kwa lugha inayosemwa pale.

Jioni mzee wa mashine alinisindikiza mpaka karibu na mto na kunisimulia upande wa Link usiotajwa sana. Baada ya kuachana na masanduku, Link aligeukia bahari na kushiriki kuunda vyombo vya kuzamia. Juni 1973, karibu na Key West, kimoja kati ya vyombo hivyo, Johnson Sea Link, kilinasa kwenye mabaki ya meli ya kivita iliyozamishwa. Watu wawili kati ya wanne waliokuwemo walikufa. Mmoja alikuwa Clayton, mwanawe Link. Baba huyo, aliyekuwa na karibu miaka 70, alirudi kazini na kujenga kifaa cha kuteremshwa kwa kebo ili kuokoa chombo kilichonasa chini ya maji. Aliichukua ajali ya mwanawe na kuuliza uokoaji ulikwama wapi.

Maneno hayo yalinipeleka moja kwa moja Semuliki. Tarehe 7 Desemba 2017, jioni, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na mto Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa. Kambi hiyo ilikuwa ya Watanzania waliokuwa katika brigedi maalumu ya kuingilia kati, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Umoja wa Mataifa ulitaja vifo 15 na majeruhi 43, na Katibu Mkuu António Guterres aliliita shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni. Uchunguzi uliotolewa mwaka uliofuata ulisema taarifa zote zilizokuwepo zilielekeza kwa kundi la waasi la ADF. Ulisema pia kwamba kulikuwa na mapungufu katika mafunzo, katika uongozi na amri, na katika huduma za ndege, uhandisi na taarifa za kijasusi, na kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu walioshambuliwa wala wa kuwatoa.

Tuliwalilia vijana wale nchi nzima, Bara na Visiwani. Majeneza yalifunikwa bendera. Heshima hiyo ilikuwa haki yao.

Ila kuna deni jingine, la kujifunza kutokana na usiku ule. Wamarekani wana mfano wa namna ya kufanya hivyo. Tarehe 26 Februari 1991, katika jangwa la kusini mwa Iraq, kombania moja ya vifaru ya Marekani iliyoongozwa na Kapteni H. R. McMaster ilikishinda kikosi cha Iraq kilichokuwa mbele yake kwa dakika 23, katika pambano linalojulikana kama 73 Easting. Vita vilipomalizika, watafiti walikwenda jangwani, wakapima alama za minyororo ya vifaru kwenye mchanga, wakasikiliza kanda za redio, wakawahoji askari mmoja mmoja, kisha wakalijenga pambano lote upya ndani ya SIMNET. Ofisa ambaye mwaka ule alikuwa bado mtoto wa shule angeweza baadaye kulitazama kutoka juu au kutoka ndani ya kifaru chochote, akalisimamisha na kuuliza: je, kama angegeuka kushoto?

Wao walijenga upya ushindi wao. Sisi tunapaswa kuujenga upya usiku wa Semuliki, na kazi hiyo haihitaji mabilioni. Inahitaji ramani sahihi ya kambi ile na barabara ya kutoka Mbau kwenda Kamango, saa za kila ujumbe wa redio uliotumwa, kompyuta za mezani, na vijana wetu wa programu ambao tayari wanatengeneza michezo ya kuuza mtandaoni. Inahitaji zaidi walionusurika, waketi na watengenezaji waseme risasi ya kwanza ilitoka wapi, redio ilijibiwa baada ya muda gani, nani alikuwa zamu. Kisha kila kadeti wa chuo cha kijeshi cha Monduli aingizwe ndani ya usiku huo akiwa mlinzi getini, akiwa kamanda wa kombania, akiwa ofisa aliye mbali mwenye helikopta asiyejua kama arushe au asubiri mapambazuko. Kila kosa lake liache mstari. Baada ya hapo wakae mezani, luteni na koplo, mstari ukiwa mbele yao, na wa kwanza kuzungumza awe koplo.